Kumfuata Mwenzi Ujerumani

Mezani pamewekwa kadi yenye maneno saba: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi, burudani. Mtahiniwa anayafuata moja baada ya jingine akijieleza kwa Kijerumani, kwa sentensi fupi fupi, kisha mtahini anamtaka alitaje jina lake herufi moja moja na aseme namba fulani, mara nyingi ya simu. Wenzake wanasikiliza huku wakisubiri zamu zao. Hapo kwenye herufi ndipo jasho linapowatoka watu. Aliyejifunza a, be, che kwa Kiswahili shule ya msingi, akaja kuzisoma upya kwa Kiingereza sekondari, sasa anatakiwa azitamke kwa namna ya tatu, na mtu mzima wa miaka thelathini na kitu anajikuta akibabaika na jina alilopewa na babake.

Huo ni mtihani wa ngazi ya A1, ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, unaofanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam na Nairobi. Ukipata alama 60 kati ya 100 umefaulu. Ukikosa, ndoa yako ni halali mbele ya Mungu na mbele ya RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, ila mlango wa kuishi pamoja na mwenzi wako Ujerumani unabaki umefungwa mpaka urudie. Masharti hayo yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2007. Serikali ya Ujerumani ilieleza kwamba yatawasaidia wageni kuanza maisha kwa urahisi na yatazuia watu kuozeshwa kwa nguvu.

Sheria yenyewe ina mambo yake. Mmarekani, Mjapani au Mkorea Kusini anayemfuata mwenzi wake haulizwi cheti cha lugha. Mke wa mhandisi kutoka India aliyepewa Blue Card, kibali cha wataalamu wa kigeni, naye haulizwi. Anayeulizwa ni Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani mwenye pasipoti ya nchi hiyo tangu azaliwe. Sijawahi kumsikia ofisa akilieleza hili kwa namna ya kumridhisha aliyesumbuliwa nalo. Hata hivyo, sitawaambia wanaojiandaa kwamba wanapoteza muda. Nimewaona waliokuja na cheti hicho na nimewaona waliokuja bila hicho kwa sababu waume zao ni wataalamu wa kigeni. Wale wa kwanza angalau waliweza kuuliza basi linasimama wapi. Wa pili walikaa ndani.

Na kukaa ndani ndiko hasa ninakotaka kukuzungumzia. Nyumbani, anayepanga safari hii huonywa kuhusu baridi. Ananunuliwa koti zito, anafungiwa dagaa na pilipili, shangazi anamwambia asiache kusali. Baridi ina dawa, na dawa yake inauzwa dukani. Kinachomsumbua mwenzi aliyehamia ni kwamba anashuka kwenye ndege akiwa mtu mzima, na kufikia Ijumaa ya wiki ile ile kila jambo lake linapita mikononi mwa mtu mmoja: kusoma barua, kulipa, kuongea na daktari, kukata tiketi, kujua takataka zinatolewa lini. Mtu huyo ni yule yule anayempenda. Ndiyo maana inachukua muda kuliona tatizo.

Tuanze na barua, kwa sababu Ujerumani huendeshwa kwa barua. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie unatakiwa ukajiandikishe kwenye ofisi ya wakazi wa mji wenu, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Wenyewe Watanzania wa huku, hata wakiongea Kiswahili cha Lushoto kitupu, husema tu nimeshafanya Anmeldung. Baada ya hapo inakuja barua ya kwanza yenye jina lako: namba ya mlipakodi, tarakimu 11, utakayokuwa nayo mpaka siku ya kufa. Halafu ya bima ya afya, ya ofisi ya wageni, ya benki, na ile ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo.

Lakini barua hizo hazifiki kama jina lako halijabandikwa kwenye sanduku la barua pale chini ya ngazi. Nyumba za ghorofa za Kijerumani kwa kawaida hazina namba za vyumba kwenye anwani. Mtu wa posta anasoma majina ya ukoo. Sanduku limeandikwa jina la mume, wewe umebaki na jina la babako kwenye pasipoti, basi barua yako inarudishwa ilikotoka na huko inaandikwa kwamba mhusika hajulikani katika anwani hiyo. Watu wamepoteza miadi ya ofisi ya wageni waliyoingoja kwa miezi kwa sababu ya kipande cha karatasi ambacho hakikubandikwa. Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi, andika jina lako, lipeleke chini, libandike kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlangoni.

Kuna bahasha moja ya manjano ambayo ni ya kuogopwa kidogo. Ikishatumbukizwa sandukuni, mtu wa posta huandika tarehe juu yake, na tangu tarehe hiyo kisheria wewe umeipokea, uwe umeifungua au umeiweka juu ya friji. Faini ya barabarani, kwa mfano, inapingwa ndani ya wiki mbili kuanzia hapo. Mjerumani anayajua haya tangu utotoni, naye ana faili nene la chuma cha kubana katikati ambamo kila barua inatobolewa matundu na kuingizwa mahali pake. Mume mwema atakuwekea barua zako kwenye faili lake. Mwambie akununulie lako. Bei yake ni euro chache, na nakuhakikishia hakuna pambo la nyumba lenye maana zaidi ya hilo katika mwaka wa kwanza.

Sasa la ukalimani. Bima za afya za umma Ujerumani kwa kawaida hazimlipi mkalimani kwa daktari, kwa hiyo mke asiyejua lugha huenda na mumewe. Daktari wa kike anauliza kuhusu hedhi, mume anatafsiri. Mke anajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga au kwa Kiswahili ambacho mume alijifunza Nungwi miezi mitatu. Kuna vitu ambavyo mwanamke wa Pwani hajawahi kumwambia mwanamume yeyote, hata huyo wa kwake, kwa maneno. Somo wake ndiye aliyekuwa wa kuambiwa. Hapo anasema hajambo, anaumwa kichwa tu. Daktari anaandika dawa ya kichwa. Mume anatoka akiwa ameridhika kwamba amemsaidia mkewe, na kweli amesaidia kadiri alivyoweza.

Miezi ikienda, mume anaanza kujibu kabla ya kutafsiri. Keshayajua majibu. Muuzaji wa simu anamtazama yeye, mwalimu wa mtoto anamtazama yeye, na mkewe yupo pembeni akitabasamu, maana kutabasamu ndilo jambo lisilohitaji sarufi. Nyumbani wanagombana juu ya kitu kidogo, chumvi au taulo, na yeye mwenyewe mume hajui kwa nini amechoka hivi. Amechoka kwa sababu akimaliza kazi yake ya kutwa ofisini anaanza nyingine ya kuwa karani wa mtu mmoja. Ndoa nyingi ambazo huku nje tunasema zimevunjwa na tofauti za utamaduni, mimi naona zilichoshwa na fomu.

Dawa ninayoijua ni darasa. Ujerumani ina kozi ya wageni inayosimamiwa na idara ya shirikisho ya uhamiaji na wakimbizi, BAMF. Ni saa 600 za lugha na saa 100 za historia, sheria na desturi za nchi, na mwenzi anayekuja kwa visa ya familia ana haki ya kuihudhuria, akichangia sehemu ya gharama. Mara nyingi inafundishwa Volkshochschule, chuo cha elimu ya watu wazima ambacho kila mji wenye ukubwa kiasi unacho. Usiku ule wa kwanza unarudi na kichwa kinagonga. Lakini tazama waliokaa darasani: Msyria aliyekuwa mfamasia Aleppo, mama wa Kiukreni na binti yake, kijana wa Kieritrea, Mturuki aliyemfuata mumewe kama wewe. Lugha pekee inayowaunganisha wote ni Kijerumani kibovu, na hakuna anayemcheka mwenziwe. Ukisema kwa Kijerumani chenye makosa mbele ya wakwe, kila mtu ananyamaza akusikilize na ulimi unaganda. Darasani unapayuka tu. Mwezi wa tatu unashangaa umemsimulia Mturuki habari ya mama mkwe wako, mwanzo mpaka mwisho, na amekuelewa, na amekupa ushauri.

Hao ndio marafiki wa kwanza wanaokuwa wako mwenyewe, wasiopitia kwa mume. Usidharau jambo hilo. Wajerumani wanachukua muda mrefu kumwingiza mtu nyumbani kwao, na jirani uliyemsalimia kila asubuhi mwaka mzima anaweza asikuulize jina.

Katika haya yote kuna aliyetangulia, naye alikuwa mwenzetu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 Unguja, binti wa Sultani Seyyid Said. Utoto wake wa mwanzo ulikuwa kasri la Mtoni, akiongea Kiarabu na Kiswahili. Mjini akawa jirani wa mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, wakapendana, akashika mimba, na mwaka 1866 akatoroshwa kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, na akasafiri na mumewe kwenda Hamburg. Miaka mitatu baadaye, 1870, Ruete alipata ajali ya tramu, akafa. Salme akaachwa na watoto watatu wadogo katika mji ambao mlango wake mmoja wa kuingilia alikuwa huyo marehemu. Alipigania urithi wake wa Zanzibar miaka na miaka bila kuupata, akahama mji hadi mji akitafuta mahali pa bei nafuu, akafundisha Kiarabu apate riziki. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, na akaacha pia maandishi mengine yaliyotungwa kama barua kwa mtu wa nyumbani, ambayo humo ndimo anamoieleza Hamburg: nyumba zilizofungwa milango na madirisha, ugeni wa chakula, macho ya watu.

Si mtu wa kusifiwa kwa kila kitu. Alikuwa mtoto wa sultani na aliutetea utumwa kwa maandishi. Hamburg ilikipa kiwanja jina lake mwaka 2019, halafu ikaliondoa jina hilo kwa sababu hiyo. Lakini mwanamke yeyote wa Kiswahili aliyeachwa peke yake na barua za Kijerumani mezani atamwelewa. Amezikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye eneo la familia ya Ruete. Alifariki mwaka 1924, akiwa ameishi Ulaya bila mume mara nyingi zaidi ya miaka aliyoishi naye.

Sisi tunaokuja leo tuna vitu ambavyo Salme hakuwa navyo, ila vinataka kujulikana. Kibali cha ukaazi kwa ajili ya ndoa kinakuruhusu kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Tangu mwaka 2016 kila mkaazi halali ana haki ya kufungua akaunti ya msingi ya benki. Mwenzi asiye na kipato huingia kwenye bima ya afya ya umma ya mwenziwe bila malipo ya ziada, mradi mwenziwe huyo yumo kwenye bima ya umma. Na mtoto akizaliwa, bima hiyo inamlipa mkunga aje nyumbani, hata kila siku kwa siku kumi za mwanzo, kisha mara kwa mara mpaka wiki ya kumi na mbili. Hakupikii uji wa pilipili manga, hakukandi na maji ya moto, wala hakufungi tumbo kwa kanga kama mama yako angefanya katika arobaini. Anapima mtoto, anatazama kidonda, anakuonyesha jinsi ya kunyonyesha, na anakunywa chai yako. Nimewasikia kina mama wakisema huyo mkunga ndiye Mjerumani wa kwanza aliyewauliza wao, na si waume zao, wanajisikiaje.

Pesa ni habari ndefu. Binti akiolewa Ulaya, nyumbani wanahesabu kwamba neema imeingia. Ada ya mdogo wake, bati la nyumba ya bibi, mchango wa harusi ya binamu, vyote vinaelekezwa kwake kwa WhatsApp, na yeye mfukoni hana hata euro ya basi ambayo hakupewa. Kumwomba mume hela ya kununua pedi ni jambo moja. Kumwomba hela ya bati la bibi ni jingine kabisa, na Mjerumani, hata awe mkarimu, atauliza bati hilo limetoka wapi kwenye bajeti. Wengine wanaanza kwa kibarua cha kufagia ofisi alfajiri. Ni kazi halali, na pesa yake ni yako.

Ila ukipata kazi yenye mshahara wa kukatwa kodi, muulize mwenzi wako mko daraja gani la kodi. Wanandoa wapya wote wawili huwekwa daraja la nne. Wanaweza kuomba mmoja awe la tatu na mwingine la tano, na washauri wengi hupendekeza hivyo pale mmoja anapopata zaidi sana kuliko mwingine. Wa daraja la tatu anakatwa kidogo kila mwezi. Wa tano, ambaye karibu kila mara ni mke mgeni, anakatwa mpaka analia. Hesabu ya mwaka mzima ikipigwa, kodi ya nyumba nzima inabaki ile ile, kwa hiyo mume anasema kwa moyo safi kwamba hakuna tofauti. Tofauti ipo. Malipo ya likizo ya uzazi ya serikali na mafao ya kukosa kazi hukokotolewa kutokana na mshahara unaobaki baada ya makato, na aliyekuwa daraja la tano anapewa kidogo. Isitoshe, mwanamke anayeona kwenye karatasi ya mshahara kwamba jasho lake limebaki nusu hupata picha fulani ya thamani yake ndani ya nyumba hiyo. Daraja la nne kwa wote wawili lina heshima yake.

Nimekuwa nikisema mke, mke. Wanaume nao wanakuja, hasa kutoka Diani, Mtwapa, Nungwi na Paje, wameoa Wajerumani waliokwenda kwa mapumziko. Kwao mambo ni magumu kwa namna nyingine. Mke ndiye mwenye kazi, mwenye nyumba kwa jina lake, mwenye gari. Kijiweni kule nyumbani wanasema fulani ameolewa. Yeye, aliyezoea kuwa ndiye anayewaonyesha wageni njia, ajuaye bahari, ajuaye kila mtu kuanzia polisi hadi muuza pweza, sasa anaonyeshwa namna ya kubonyeza kitufe cha mashine ya tiketi. Ambao nimewaona wakisimama ni waliokubali kuanza chini mapema: ghala, jikoni, kusukuma mikokoteni uwanja wa ndege, huku jioni wakisoma. Waliosubiri kazi ya hadhi yao walisubiri sana. Na hawaombi msaada. Mwanamke akizidiwa humpigia dada yake simu akalia. Mwanamume huweka mtandaoni picha aliyopiga mbele ya gari la mkewe.

Wao pia wana babu wa kumtaja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha Desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli waende kuishi kwao Mtoro, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka, kwa kuwa mzungu kuolewa na Mwafrika kwenye koloni lilikuwa jambo lisilovumiliwa. Wakarudi Ujerumani. Mtoro akafundisha Hamburg kwa muda, baadaye akazunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika, na akafia huko huko mwaka 1927. Bertha hakupata hata nafasi ya kuwa mgeni Bagamoyo.

Baridi na giza nitazipitia haraka. Desemba mjini Berlin jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwili uliozoea saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima unadhani umeugua. Juni ni kinyume chake, saa tatu na nusu usiku jua ndiyo kwanza linatua, na waliofunga Ramadhani ya mwaka 2016 huku wanakumbuka futari ilivyokuwa mbali. Unga wa sembe, muhogo na ndizi za kupika vipo kwenye maduka ya Waafrika, kwa bei ya kukufanya uheshimu ugali. Asiye na duka karibu husonga semolina. Nazi ni ya kopo. Sukuma wiki ipo tele kaskazini mwa nchi, tena Wajerumani wenyewe wanaisubiri majira ya baridi kama sikukuu, wanasema ikipigwa na barafu shambani inakuwa tamu. Kisha wanaichemsha saa nyingi na soseji ya nguruwe mpaka inakuwa rangi ya udongo. Ukiwakatia nyembamba, ukaikaanga dakika tano na kitunguu na nyanya, wanauliza ni mboga gani hii.

Leseni ya udereva ya nyumbani inatumika miezi sita tu tangu uwe mkaazi. Baada ya hapo Mtanzania au Mkenya anafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, hata awe ameendesha lori Chalinze miaka kumi. Nadharia inaweza kufanywa kwa lugha kadhaa, zikiwamo Kiingereza, Kifaransa, Kituruki na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Kinachowaangusha wengi ni njia panda isiyo na alama yoyote, ambapo anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata akiwa na baiskeli na wewe una haraka. Kwa mwenzi aliyepelekwa kuishi kijijini, kwenye basi moja kila baada ya saa mbili na Jumapili hakuna, leseni hiyo inazidi vyeti vyote vya lugha.

Kwa mwenye taaluma, vyeti vya nyumbani vinapitia utaratibu wa kutambuliwa. Nesi wa Muhimbili atatakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2, kisha ama mafunzo ya kujazia pengo au mtihani. Ujerumani inalia haina wauguzi, na yeye kakaa nyumbani anakunja nguo. Aanze mchakato huo akiwa bado Dar, na aje na mitaala ya chuo chake iliyopigwa muhuri, maana kuifuatilia akiwa mbali ni kazi ya kumsumbua kaka mpaka aache kupokea simu.

Lipo pia ambalo hakuna anayetaka kulizungumza mkesha wa harusi. Kibali cha miaka ya mwanzo kinategemea ndoa. Ikivunjika kabla wanandoa hawajaishi pamoja Ujerumani miaka mitatu, kwa kawaida kibali nacho kinakwisha. Kuna wanaovumilia makofi wakihesabu miezi. Sheria hiyo hiyo lakini ina mlango wa dharura: anayeteswa ndani ya ndoa anaweza kupewa haki ya kubaki hata kabla ya miaka mitatu, akithibitisha. Namba 116 016 ni ya simu ya msaada kwa wanawake wanaopigwa au kunyanyaswa, bure, saa 24, na wana wakalimani wa lugha kadhaa, zikiwamo Kiingereza na Kiarabu. Iandike mahali. Mume mzuri hatachukia kuiona, na mwenye kuichukia amekwishajieleza.

Miaka mitatu hiyo ikipita vizuri, mwenzi wa raia wa Ujerumani mwenye Kijerumani cha ngazi ya B1 na maisha yanayojitosheleza anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, hata uraia. Kwa uraia kuna mtihani wa maswali 33 yanayochotwa kwenye orodha ya maswali 310 iliyo wazi kwa kila mtu. Ukipata 17 umepita. Kufaulu si shida. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimtaki tena mtu aikane nchi yake. Mkenya aliyekaa dawati moja na Mtanzania kwenye kozi ya saa 700 anaongeza tu pasipoti ya pili, kwa kuwa katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu. Mtanzania akiichukua hiyo ya Kijerumani anapoteza ya kwake. Huenda akalipa visa ya dola 50 kwenda kumwuguza mama yake, na shamba la minazi aliloachiwa na babu linaweza kuingia kwenye utata wa sheria ya ardhi isiyompa mgeni umiliki wa kawaida. Wapo wanaosema acha, nitabaki na kadi ya ukaazi. Wapo wanaosema watoto wangu ni Wajerumani, nami nataka kupiga kura wanakosoma. Kuhusu hadhi maalumu kwa walio ughaibuni, kila anayerudi kutoka likizo nyumbani anakuja na tafsiri yake. Kwenye mikusanyiko ya Watanzania huku, pilau ikishaliwa na watoto wakishalazwa juu ya makoti chumba cha pili, mjadala huu ndio unaowachelewesha watu treni ya mwisho.